TAHARIRI: TAA ZA KARAKANA ZISIWASHWE KWA KUBAHATISHA



Taa nne za karakana ya useremala zimefika. Ni za metali halaidi, wati 400 kila moja, jamii ya zile zinazomulika viwanja vya mpira. Vijana wamefurahi, na wana haki. Lakini tunasikia maneno ya "chomeka tu pale kwenye mashine ya kusaga tuwashe". Hapana, ndugu zangu.

Taa hii si globu ya nyumbani. Ndani haina uzi. Umeme unapita katika mvuke wa zebaki na chumvi za madini, na ukishapata njia unazidi kuongezeka mpaka taa ipasuke. Anayeuzuia ni choki. Kwa hiyo choki iwe ya wati 400 ya taa hiyohiyo, siyo yoyote iliyookotwa gereji. Tena choki inapata moto sana, isifungwe juu ya mbao wala karibu na maranda, na kisanduku chake cha bati kifungwe waya wa erthi.

Kiwashio nacho si cha mchezo. Umeme wetu ni volti 230 na unaua. Kiwashio kinapiga volti 4,000 hadi 5,000 wakati wa kuwasha. Waya wake kwenda kwenye taa uwe mfupi, wa kuhimili hayo na joto.

Wengine wanasema eti kapasita ni pambo. Bila kapasita taa moja inavuta zaidi ya ampea 3. Ikiwepo, ni kama 2 na kidogo. Zidisha kwa nne uone. Ila inabaki na umeme hata swichi ikizimwa, basi asiiguse asiyejua.

Sasa jambo linalotutia hofu zaidi: msumeno wa duara. Taa hizi hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Lakini meno ya msumeno yanaweza kuonekana yamesimama kumbe yanazunguka. Kijana akapeleka mkono, jamani! Umeme wa fezi tatu tunao, basi taa zigawanywe katika fezi zote, zenye breka zake, mbali na laini ya mashine ya kusaga. Maana mota ya mashine ikianza, umeme hushuka, taa zinaweza kuzimika. Zikizimika haziwaki tena mpaka zipoe, dakika 10 hata 15. Giza, na msumeno bado unazunguka! Kwa hiyo globu ya kawaida ya uzi iwekwe juu ya msumeno, nayo iwe na laini yake.

Kioo cha nje kikivunjika taa huenda ikaendelea kuwaka. Izimwe mara moja. Mwanga wake hapo unachoma macho kama wa kuchomelea vyuma bila miwani.

Maoni yetu ni kwamba alipwe fundi mwenye leseni ya EWURA, fedha zitoke kwenye akiba ya karakana. Wanaosema ni ghali wahesabu bei ya choki nne zilizoungua, bado hatujataja vidole. Hoja iletwe kwenye kikao cha kamati Jumamosi. Mpaka hapo taa zitakaa stoo, na ufunguo anao mtunza ghala.