Msikiti wa Waarabu na Mnara wa Kengele

Tangu Aya Sofia ya Istanbul iliporudishwa kuwa msikiti Julai 2020, barazani kwetu mabishano hayakomi. Nami nashangaa: mbona hautajwi Msikiti wa Waarabu, ulio ng'ambo ya pili tu ya hori, mtaani Galata? Mapokeo yasema aliujenga Maslama bin Abdulmalik alipouhusuru mji huo mwaka 717. Nilipokuwa chuoni na juzuu mkononi ningaliamini palepale. Lakini mnara wake ni wa mraba, mnara wa kengele hasa; na sakafu ilipofukuliwa kati ya 1913 na 1919 yalitoka mawe ya makaburi ya Wajenoa, yameandikwa Kilatini. Lilikuwa kanisa la watawa wa Kidominiko, la karne ya 14. Sultani Mehmed wa Pili ndiye aliyeligeuza.

Na hao Waarabu? Ni Waislamu waliohama Andalusia baada ya Granada kuanguka 1492, wakapewa hapo pa kusujudia. Huko walikotoka, Msikiti Mkuu wa Cordoba ulikuwa kanisa tangu 1236! Kisa hicho kina upungufu gani hata tukiazimie Maslama? Mawe yale yamo katika makumbusho ya Istanbul, na majina ya wafu yangali yasomeka.