Ndimu ya tui ni ya mwisho

Ndimu ya tui la samaki wa kupaka hutiwa mwisho, sufuria ikishaepuliwa. Kuitia kwenye tui tangu mwanzo ni kosa. Kuhusu samaki wa kutumia, halibut ni samaki bapa wa bahari za baridi za kaskazini, hafiki pwani ya Afrika Mashariki. Samaki bapa wa pwani hii ni gayogayo, na kwa mnofu mweupe, mnene, usio na mafuta mengi, chewa anafaa vilevile. Vipande vya samaki huoshwa, vikapakwa chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na maji ya ndimu kwa dakika 15 hivi. Vikiachwa sana, nyama iliyokuwa inang'aa hugeuka nyeupe kama iliyopikwa: ukali wa ndimu umeshaigandisha, na motoni itakauka na kuvunjika. Kisha huchomwa kwa makaa huku tui zito lenye bizari na pilipili likikorogwa kwa moto mdogo.

Kwa wanaolalamika kuwa tui lao hukatika, sababu ni ukali huohuo wa ndimu: ikiingia tui linapotokota, protini za tui hushikana mabonge na mafuta hujitenga. Tui likiepuliwa na kupoa kidogo, ndimu moja hutosha tui la nazi moja, na harufu nzuri ya ndimu hubaki. Kokwa zitolewe, na ganda lisikamuliwe mno, maana huleta uchungu. Anayependa ukali uliotulia atie rojo la ukwaju badala ya ndimu.