Kidato cha Tano au Chuo: Kijana wa Delta Apite Wapi?



Matokeo ya kidato cha nne yatokapo, sisi makarani wa Kibiti hupokea wageni wengi kuliko siku za sikukuu. Mzee hutoka Salale au Mbuchi, amengoja maji yajae ndipo chombo kipate kutoka, na afikapo hatoi habari za nyumbani kwanza, bali hutoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kuuliza: "Mwanangu, huyu mdogo wako aende wapi?" Maana ya swali lake ni hii: je, kijana aende kidato cha tano, amalize cha sita, kisha aombe chuo kikuu moja kwa moja, au aende chuo cha kati, apate stashahada, ndipo aingie chuo kikuu kwa mlango huo wa pili?

Naungama kwamba kwa muda mrefu jibu letu limekuwa moja, nasi tumelitoa pasipo kuisoma karatasi yenyewe vema: "Aende kidato cha tano." Tumesema hivyo kwa kuwa chuo kikuu kina jina, na stashahada twaiona kuwa ni fungu la aliyeshindwa. Mimi sikubaliani tena na jibu hilo. Wala sikubaliani na wale wasemao kinyume chake, kwamba kidato cha tano ni kupoteza miaka miwili bure. Swali linalotupasa kuuliza kwanza ni jingine kabisa: kijana huyu akianguka katikati ya njia, ataanguka akiwa na nini mkononi?

Tutazame njia zenyewe. Mwenye kutoka kidato cha sita hutakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu awe amefaulu masomo mawili ya tahasusi yake, kwa daraja A hadi E, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. A ni pointi 5, na E ni pointi 1. Basi mwenye D mbili amefika mlangoni, na mwenye E mbili hakufika. Mwenye kutoka chuo cha kati hutakiwa awe na stashahada yenye wastani usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini. Hayo ni ya chini kabisa. Kila shahada huongeza masharti yake yenyewe.

Sasa tuhesabu miaka. Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili, na shahada nyingi ni miaka mitatu: jumla mitano. Stashahada kwa aliyetoka kidato cha nne ni miaka mitatu, kisha mitatu ya shahada, maana aghalabu mwenye stashahada naye huanzishwa mwaka wa kwanza: jumla sita. Tofauti yao ni mwaka mmoja. Kwa bei ya mwaka huo mmoja kijana hununua cheti ambacho, hata asipofika chuo kikuu kamwe, chaweza kumwombea kazi ya uuguzi, ya ufundi mitambo, ya uvuvi, ya hesabu, au hii yetu ya kutunza kumbukumbu. Cheti cha kidato cha sita chenye E mbili hakimwombei mtu kazi ya namna hiyo.

Naweza kusema haya kwa kuwa mwenyewe nilikosea juu ya mtoto wa dada yangu. Kijana huyo tangu utoto alikuwa akishinda Nyamisati, akifungua na kufunga mashine za boti, hata manahodha walikuwa wakimwita kwa jina. Alipofaulu kidato cha nne kwa alama za kati, alitaka chuo cha ufundi. Mimi nikamkataza. Nikambadilishia machaguo yake, nikamwekea Fizikia, Kemia na Hisabati, nikaona nimemtendea wema. Baada ya miaka miwili alirudi na E moja na masomo mawili ya daraja la S, ambalo halihesabiwi kuwa ufaulu mkuu. Miaka ile haikupotea yote, ni lazima niseme kweli, maana vyuo vingi humpokea mwenye ufaulu mkuu mmoja na S moja kwa stashahada, na ndivyo alivyopokelewa. Walakini aliwakuta wenziwe wa kidato cha nne karibu wamemaliza, naye aliingia darasani kama mtu aliyefukuzwa mahali, wala si kama mtu aliyekwenda alikotaka. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Ndugu zangu, lakini msinielewe kwamba kila mtoto wa delta apelekwe chuo cha kati. Njia hiyo ina gharama ambazo wazee wetu hawaambiwi. Serikali iliondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka wa masomo 2022/2023. Ada ya vyuo vingi haikuondolewa. Mikopo ya Bodi kwa wanafunzi wa stashahada ilianza mwaka 2023/2024, tena kwa fani zilizochaguliwa tu. Kwa hiyo mzee mwenye kutegemea msimu mmoja wa mpunga na kamba kidogo, akimpeleka mtoto chuo bila kuuliza kama fani yake imo katika orodha ya mikopo, atalipa miaka mitatu kitu ambacho kidato cha tano asingekilipa. Kijana mwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia nzuri, mwenye hamu ya udaktari, na mwenye moyo wa kukaa bweni mbali na kwao, na aende kidato cha tano pasipo kusitasita. Wala wazazi wake wasidhani kwamba kwa kuwa Shule ya Sekondari Kibiti ina kidato hicho basi atasoma hapo karibu; wanafunzi hupangwa popote nchini.

Liko na jambo jingine, nalo ni mtego hasa kwa watu kama sisi. Vijana wengi husema: "Nitapata stashahada, nitafanya kazi kwanza, chuo kikuu nitakwenda baadaye." Ni neno la busara. Lakini miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni imetaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, tena asiwe na ajira yenye mshahara. Basi anayesema "baadaye" yapasa ajue kwamba huenda akajilipia mwenyewe, au aombe ruhusa ya mwajiri na kusoma kwa Chuo Kikuu Huria huku akifanya kazi, kama wafanyavyo wanachama wetu kadha wa kadha. Njia hiyo ni nzuri, lakini ni ndefu, na kuna jioni nyingi ambazo kitabu hufunguliwa na kufungwa bila kusomwa ukurasa.

Tena stashahada haina budi kuelekea mahali. Kijana wa Msala au Kiongoroni aliyekua kati ya mikoko, akisoma misitu katika chuo cha Olmotonyi, ataona shahada ya misitu ikimngoja Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Aliyekua na nyavu akienda Mbegani, Bagamoyo, chuo cha uvuvi kilichomo katika mkoa wetu huu wa Pwani, naye ana shahada za mambo ya samaki na bahari mbele yake. Lakini anayechukua stashahada kwa kuwa chuo kiko karibu na stendi, au kwa kuwa tangazo lake lina picha nzuri, aweza kumaliza na wastani wa 4.0 akaambiwa kwamba fani yake haifungui shahada aitakayo. Chuo chenyewe nacho lazima kiwe kimesajiliwa na Baraza la elimu ya ufundi, NACTVET.

Kuhusu lile neno la aibu, nawakumbusha jambo moja tu. Makerere ya mwanzoni mwa miaka ya 1940 haikuwa ikitoa shahada. Julius Nyerere alisoma huko tangu 1943 hata 1945 akatoka na stashahada ya ualimu, akarudi Tabora kufundisha Shule ya St. Mary's, na mwaka 1949 ndipo alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akapata shahada yake mwaka 1952. Sijapata kumsikia mzee yeyote wa Rufiji akisema kwamba aliingia kwa mlango wa nyuma.

Nimeandika haya kwa sababu kosa kubwa halifanywi na wazee wala na watoto. Baada ya matokeo kutoka hufunguliwa muda mfupi wa kubadilisha machaguo katika mtandao wa TAMISEMI. Mtoto wa visiwani aliye mbali na mtandao wa simu huvuka na kuja mjini, akaketi mbele ya kijana wa steshenari mwenye foleni ndefu, na kijana yule humbonyezea alichomchagulia aliyetangulia. Muda ukifungwa, umefungwa. Sisi tunaokula mshahara kwa kusoma masharti na kujaza fomu tumekuwa tukipita barabarani tukiyaona hayo.

Naomba katika mkutano wetu ujao jambo hili liwekwe katika ajenda: kwamba muda huo utakapofunguliwa, wanachama wawili wawili wakae kwa zamu Kibiti na Nyamisati, wakiwa na miongozo yote miwili ya Tume, ule wa kidato cha sita na ule wa stashahada, pamoja na orodha ya fani za mikopo. Mtoto aulizwe yeye mwenyewe kwanza, mzee wake akisikiliza, na baada ya hapo ndipo fomu ijazwe. Mimi najitolea Jumamosi zangu zote, na zamu ya Nyamisati naiomba niwe wa kwanza.