Usaili wa mbunifu wa zana uanzie shambani

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huu unawafaa sana vijana wanaotafuta kazi ya kubuni zana na mashine za kilimo.

Kila mwaka vyuo vikuu na vyuo vya ufundi hapa nchini hutoa vijana waliosomea uhandisi. Wakisikia karakana fulani inatafuta mbunifu, wengi hukimbilia kudurufu vyeti, kupiga pasi shati na kukariri majibu ya usaili. Wachache hufunga safari kwenda kumwona atakayetumia mashine hiyo.

Mkulima anaweza kudhani kwamba usaili wa mhandisi haumhusu. Ukweli ni kwamba yeye ndiye anayelipa makosa ya mbunifu. Akinunua mashine ya kupukuchua mahindi inayovunja punje, mchuuzi atamshusha bei. Beringi yake ikiharibika na vipuri havipatikani wilayani, mashine itageuka kuwa kiota cha kuku huku mkopo ukiendelea kudaiwa.

Ipo mifano ya kazi iliyofanywa vizuri. Mwaka 1991 Martin Fisher na Nick Moon walianzisha shirika la ApproTEC jijini Nairobi, ambalo baadaye liliitwa KickStart. Shirika hilo lilitengeneza pampu ya kumwagilia ya MoneyMaker, inayoendeshwa kwa kukanyaga kwa miguu. Pampu hiyo haili mafuta na mkulima anaweza kuibeba kwenda na kurudi shambani. Kimo ambacho pedali zinapanda nacho kilifikiriwa, ili mama anayekanyaga asione haya mbele ya watu. Jambo kama hilo halipatikani katika kitabu cha hesabu za vyuma, hupatikana kwa kukaa na akina mama bustanini.

Hivyo basi, kijana aliyeitwa kwenye usaili ajiandae vipi?

Kwanza, aende gulioni na mashambani walau siku mbili kabla ya usaili. Akitazama wanawake wakipukuchua mahindi kwa fimbo juu ya turubai, ataona kazi inachukua muda gani na nani anaifanya. Aulize mashine iliyopo iliharibika lini, nani aliitengeneza na kwa shilingi ngapi. Fundi wa kuchomelea pale sokoni atamweleza mengi kuliko mwalimu wake.

Pili, ajizoeze kuuliza kabla ya kuchora. Tuseme wasaili wanamwambia abuni pampu ya kukanyaga kwa ajili ya kisima. Anayerukia kalamu na karatasi amekwisha kuanguka. Swali la kwanza ni kina cha maji, kwa kuwa pampu ya kufyonza ikikaa juu ya kisima huishia takriban mita 7 au 8. Kama maji yako mita 12 chini, mchoro wake hata ukipendeza namna gani hautatoa tone.

Tatu, ajue hesabu ya mnunuzi. Chukulia kikundi kimenunua mashine ya kupukuchua kwa Sh1,200,000. Kinatoza Sh2,000 kwa gunia, na baada ya mafuta na malipo ya mwendeshaji kinabakiwa na Sh1,000. Ili fedha irudi, kikundi kinahitaji kupukuchua magunia 1,200. Katika kijiji kinacholeta magunia 400 kwa msimu, hiyo ni misimu mitatu. Mbunifu akipunguza bei kwa Sh300,000 kwa kurahisisha fremu, magunia 900 yatatosha. Kijana anayeweza kueleza hesabu hiyo mbele ya mwenye karakana atasikilizwa.

Nne, abebe kazi zake. Picha, michoro, hata kifaa chenyewe kama kinabebeka. Asifiche kilichoshindikana. Aeleze jaribio la kwanza lilikwama wapi, nani alimwonyesha kosa na alibadilisha nini. Mwajiri anataka kujua kama huyu mtu husikia anapokosolewa, kwa sababu mashine nzuri haipatikani kwa jaribio moja.

Kwa upande wao, wenye karakana nao wana sehemu yao ya lawama. Wengi huuliza madaraja ya chuo na jina la mdhamini, kisha huajiri mtoto wa rafiki. Ni heri wampe mwombaji mashine iliyoharibika na spana, wamwache nayo nusu siku, halafu wamwite mkulima mmoja wamsikilize anavyozungumza naye. Hata hivyo, si haki kuwaita vijana kumi, kuchukua michoro yao na kutoajiri hata mmoja. Anayetaka wazo la kijana alilipie.

Wakulima pia wasiwe watazamaji. Kijana akija kuuliza maswali mengi, wasimfukuze kwa kudhani ni bwana kodi. Wamwambie ukweli kuhusu uzito wa mashine, moshi wake na bei yake. Maonyesho ya Nane Nane yana nafasi nzuri ya mazungumzo hayo, lakini mara nyingi wakulima hupita, husifu na kuondoka. Mhandisi aliyesifiwa tu hurudi karakana bila la kurekebisha.

Serikali ilianzisha SIDO mwaka 1973 ili kukuza viwanda vidogo, na karakana nyingi zimezaliwa tangu hapo. Zitaendelea kushindana na mashine zinazoletwa kutoka nje iwapo tu zitaajiri watu wanaomfahamu mnunuzi wao. Ufahamu huo kijana anatakiwa awe ameanza kuupata kabla hajabisha hodi kwenye chumba cha usaili, na viatu vyake vikiwa na vumbi la shambani, wasaili wasimshangae.