Usa River siyo USA, na Mung'Ong'O siyo jina la mtu

Nimegombezwa, tena kwa haki. Mzee mmoja alinikuta stendi hapa Usa River, gazeti likiwa kwapani. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, akafungua ukurasa. "Wewe ndiye uliyeandika haya majina?" Nikakubali. "Sasa binti yangu mmemfanyaje? Mbona mmemkata jina vipande?"

Jina la ukoo wao linaanza na Ng'. Gazetini, herufi iliyofuata ile alama ya juu ilisimama kubwa, kana kwamba jina jingine linaanzia hapo.

Kosa ni langu. Orodha ya wanafunzi ilinifikia kwenye Excel, yote kwa HERUFI KUBWA kama tunavyopenda Watanzania. Ukurasa ulikuwa karibu kufungwa, nikatumia fomula ya PROPER, ile inayoshusha herufi zote na kubakiza kubwa ile ya kwanza ya kila neno. Sekunde moja tu, kazi imekwisha. Nikajiona mjanja kweli.

Kumbe PROPER haijui neno ni nini. Inachojua ni kwamba herufi yoyote inayofuata kitu kisicho herufi lazima iwe kubwa. Kwetu sisi ile alama ya ng' ni sehemu ya sauti. Kwake ni mwisho wa neno. Ndiyo maana NG'IRESI, kijiji cha huku mlimani Meru, kinageuka Ng'Iresi. Chang'ombe ya Dar inakuwa Chang'Ombe, na akina Mung'ong'o wanaambulia Mung'Ong'O. Jamani, hilo ni jina au neno la siri? CCM nayo inakuwa Ccm, KKKT inakuwa Kkkt. Waandika programu msicheke, title() ya Python inafanya yaleyale.

Lakini nailaumu fomula nusu tu. Uharibifu ulianza pale mtu wa kwanza alipobonyeza Caps Lock. Chukua mji wetu huu. Ukiandika "Usa River", kila mtu anajua ni pale barabara ya Arusha kwenda Moshi. Ukiandika "USA RIVER", tofauti ya Usa na USA imeshakufa, na mhariri mwenye haraka akiamuru kila USA igeuzwe Marekani, tutaamka asubuhi tunaishi Marekani River. (Viza bure, labda.) Ukishapandisha herufi zote, hakuna fomula itakayokumbuka zilivyokuwa. Wapo Wamasai wanaoandika "ole" kwa herufi ndogo, wengine kwa kubwa, wengine wanaiunganisha na jina linalofuata. Kila mmoja ana lake, na kompyuta itabahatisha tu.

Kwenye fomu za karatasi, "jaza kwa herufi kubwa" ilikuwa na sababu: miandiko yetu tunaijua wenyewe. Hata mashine zilichangia, maana ASCII ya kwanza ya mwaka 1963 haikuwa na herufi ndogo kabisa. Lakini leo ninayechapa kwenye kibodi, mwandiko wangu mbaya uko wapi?

Watu wa kompyuta watanijibu kwamba majina yasipofanana mfumo unayakataa, kwa kuwa kwao A ni 65 na a ni 97, vitu viwili tofauti. Sawa kabisa. Basi geuzeni nakala! Jina libaki kwenye safu yake kama mwenyewe alivyoliandika, pembeni iwekwe safu ya pili ya herufi ndogo tupu kwa ajili ya kutafuta na kulinganisha. Ya kuchapa gazetini, kwenye cheti au kwenye kitambulisho ni ile ya kwanza. Gharama yake ni safu moja tu, na bado tunaona uvivu kuiongeza.

Masahihisho yalitoka kesho yake. Safari hii nililiandika jina kwa mkono wangu, nikampigia mzee simu nikamsomea herufi moja moja kabla ukurasa haujaenda mtamboni.

"Na ile alama umeiweka?"

"Nimeiweka, baba."

"Na inayofuata?"

"Ndogo."