Waya Hauchagui

Nariokotome yajulikana ulimwenguni kwa mifupa ya kijana wa kale, iliyogunduliwa mwaka 1984 na Bwana Kamoya Kimeu. Leo twataka kunena juu ya viumbe vya huko vilivyo hai.

Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 yakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Lakini kutoka Lodwar hadi mpaka wa kaskazini ni nchi pana, na askari wa wanyama hawawezi kuwa kila mahali. Ndipo waya hupata nafasi. Mwenye mkuki humwona amchomaye. Waya haumjui mwenye mimba wala mtoto. Swala akinaswa mguu hupapatika usiku kucha, ngozi ikikatika hadi mfupani, na mtegaji asiporudi huozea papo hapo. Hata mbuzi wa jirani aweza kunaswa!

Njaa ya ukame twaijua, wala hatumcheki mwenye njaa. Ila ategaye nyaya hamsini apate kuuza nyama mjini ni mfanyabiashara. Wazee wakaapo chini ya mti kujadili malisho, na waulize pia ni nani anunuaye nyama hiyo.