Fomu Isimfukuze Mlezi

Je, mpangaji akifariki, haki ya upangaji huzikwa naye? Jijini New York, nyumba za ruzuku zilizotokana na sheria ya Mitchell-Lama ya mwaka 1955 huweza kubaki mikononi mwa jamaa aliyeishi na marehemu kwa miaka 2 ya mwisho, au mwaka 1 akiwa mzee au mwenye ulemavu. Tena jina lake hutakiwa liwemo katika fomu za mapato za kila mwaka.

Masharti haya yana busara: wanaongojea nyumba ni wengi, na walaghai hawakosi. Hata hivyo, mjukuu aliyemuuguza nyanya yake hadi kaburini asifukuzwe kwa kuwa mgonjwa alisahau kumwandikisha. Fomu ni shahidi mmoja. Majirani nao wasikizwe.